Ulezi wetu ulitoka China? Na nani alikuwa wa kwanza kupanda?

"Shikamoo Daktari. Nafundisha Historia kidato cha kwanza, mkoani Singida. Kitini nilichopakua kinasema ulezi ulianza kulimwa China miaka 10,000 iliyopita, na kwamba tangu hapo watu wakaacha kuwinda na kujenga vijiji. Wanafunzi wamenibana: kwa hiyo ulezi wetu uliletwa na Wachina? Na mbona Wachina wanakula wali? Mmoja akauliza nani aligundua kilimo, maana lazima awepo wa kwanza. Mimi mwenyewe kinachonisumbua ni jinsi mtu anavyoweza kujua umri wa punje ndogo vile. La mwisho: tulipokuwa tunachimba shimo la choo cha shule tulikuta chungu kilichovunjika, ndani yake vipunje vyeusi kama vimeungua. Viko ofisini kwenye mfuko wa nailoni. Tuvioshe ili tuvitambue?"

Marahaba, Mwalimu. Kabla ya yote: msivioshe, na msiendelee kuvishikashika. Sababu nitaieleza huko mbele, ila sikutaka usome ukurasa mzima huku mwanafunzi ameshafika bombani na mfuko.

Tuanze na ulezi. Kitini chako kina ukweli ndani yake, lakini kimekosea jina, na kosa hilo ndilo lililowachanganya wanafunzi. Kiingereza kina neno moja, "millet", linalobeba nafaka nyingi za punje ndogo. Mtafsiri wetu akikutana nalo huandika "ulezi", kwa kuwa ndiyo punje ndogo anayoijua. Mtu wa shamba hawezi kuzichanganya. Suke la ulezi ni kama vidole vya mkono uliokunjwa nusu. Uwele suke lake limesimama wima na kushonana kama rungu. Mtama una kichwa kikubwa unachokiona ukiwa barabarani. Hizo zote tatu ni nafaka za Afrika. Ulezi, ambao Kenya wanauita wimbi, ulitokana na nyasi za mwituni za nyanda za juu za upande wetu huu, kati ya Ethiopia na Uganda, na ni kutoka huku ulikovuka bahari kwenda India. Mtama ulikuwa tayari ukilimwa mashariki mwa Sudan, maeneo ya Kassala, miaka 5,000 hivi iliyopita. Uwele ni wa ukingo wa Sahara. Punje za kale zinazojulikana zimetoka kaskazini mwa Mali na zina miaka 4,500 hivi. Waambie wanafunzi wako bila wasiwasi: bibi zao hawakukopa ulezi China.

Nafaka za China ni nyingine mbili, na kwa kuwa hatuzilimi, Kiswahili hakina majina yaliyozoeleka ya kuzitenganisha. Nitatumia ya Kichina. Ya kwanza ni shu: kichwa chake kimetawanyika kama ufagio, punje zake ni za mviringo na zimezidi kidogo milimita mbili. Ya pili ni su: suke moja refu, zito, linaloinama, na punje ndogo zaidi, milimita moja na nusu hivi. Ndugu yake su wa mwituni yuko hai mpaka leo, ni gugu linaloota kando ya njia, na Wachina wanaliita majani ya mkia wa mbwa. Ukiliona utaelewa mara moja kwa nini. Su iliyokobolewa inauzwa sokoni kwao kwa jina la xiaomi, yaani punje ndogo, na kaskazini mwa China watu wanaipikia uji, hasa mama aliyejifungua. Kwa hilo bibi yako wa Singida na bibi wa Shanxi wangeelewana vizuri.

Na wali? China ni nchi kubwa. Mpunga ni wa kusini, bonde la mto Yangtze, kwenye maji na joto. Kaskazini, kando ya Huang He, Mto Njano, mvua ni haba na karibu yote hunyesha miezi michache ya joto. Huko ndiko kwa shu na su. Ngano nayo ilifika kutoka magharibi baadaye sana, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Maelfu ya miaka kabla ya hapo, watu wa kaskazini waliishi kwa hizi punje mbili ndogo.

Swali la mwanafunzi wako kuhusu mtu wa kwanza ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu Wachina wenyewe wana jibu lake la jadi. Wanasimulia habari za Shennong, mkulima mtakatifu aliyewafundisha watu jembe na kuonja majani ili kujua dawa na sumu. Wanasimulia pia habari za Hou Ji, babu wa wafalme wa ukoo wa Zhou, na jina lake, Ji, lenyewe ni jina la nafaka. Simulizi hizo nazipenda na ningezisoma darasani. Zinaonyesha taifa zima likimweka mkulima mwanzoni mwa ukoo wake wa kifalme. Ila kilimo hakikuanza hivyo. Hapakuwa na asubuhi ambayo mtu aliamka mwindaji akalala mkulima.

Chukua lile gugu la mkia wa mbwa. Likikomaa, punje zake hupukutika zenyewe, moja leo, tatu kesho, na hivyo ndivyo linavyojipanda. Kwa gugu hiyo ni akili, lakini kwa mtu mwenye njaa ni hasara. Sasa fikiria mama anayekusanya. Akipita na kapu na kuyapigapiga masuke, anapata zile punje zinazokubali kudondoka. Akiyakata masuke kwa jiwe lenye makali na kuyabeba hadi nyumbani, zile rahisi kudondoka humwagika njiani, na zinazofika ni zile zilizong'ang'ania. Akila zote, hakuna kinachobadilika. Akibakiza kidogo na kuzipanda karibu na nyumba, mwaka unaofuata shamba lake lina ving'ang'anizi zaidi kidogo. Kidogo tu. Rudia hivyo kwa miaka elfu moja, miwili. Mwishowe kunakuwa na mmea usioweza kujipanda bila mkono wa mtu, wenye punje nene zinazoiva pamoja na zinazoota mara tu zikipata unyevu, badala ya kusubiri ardhini kama mbegu za magugu. Hakuna hata mmoja wa akina mama hao aliyekusudia kuutengeneza mmea huo. Walikusudia chakula cha jioni na mbegu ya mwakani.

Ndiyo maana alama za mwanzo kabisa hazifanani na kilimo. Kule Shizitan, mkoani Shanxi, kuna mawe ya kusagia ya zaidi ya miaka 19,000, enzi ya barafu, yenye mabaki ya wanga wa nyasi za mwituni. Watu walikuwa wanasaga, lakini hawalimi. Jambo hili lizingatie, Mwalimu, kwa sababu vitabu vingi huchapisha picha ya jiwe la kusagia na kuandika chini yake "kilimo". Hata mawe mazuri ya Peiligang, mkoani Henan, yaliyochongwa kwa ustadi hata yakawekewa miguu minne kama meza ndogo, yalipochunguzwa yalikutwa na wanga wa matunda ya mialoni. Jiwe husaga chochote unachoweka juu yake. Kisha, enzi ya barafu ilipokwisha miaka 11,700 hivi iliyopita na mvua zikarudi, tunapata Donghulin, milimani magharibi mwa Beijing, makazi ya kati ya miaka 11,000 na 9,000 iliyopita. Hapo zimepatikana punje chache za su ambazo umbo lake limeanza kuwa la shambani, ila bado ni ndogo.

Udongo wenyewe ulisaidia. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa China imefunikwa na vumbi la manjano lililopeperushwa na upepo kutoka majangwani kwa muda mrefu mno, likajilundika hata makumi ya mita, na mahali pengine zaidi. Ni laini, linachimbika hata kwa kijiti, na linashika unyevu. Shu inapenda udongo kama huo. Inaiva kwa siku 60 hadi 90 na inavumilia ukame kuliko karibu nafaka yoyote. Mtu angeweza kuimwaga shambani mvua za kwanza zikinyesha, akaenda kuwinda paa, akarudi kuvuna. Kwa hiyo ile picha ya kitini chako, kwamba walipanda kisha wakaacha kuwinda, igeuze. Kupanda kuliingia ndani ya maisha ya uwindaji na kukaa humo karne nyingi, kama mtu anayefuga kuku wawili watatu huku riziki yake ikitoka baharini.

Mahali panapoonyesha jambo hilo vizuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni Xinglonggou, katika wilaya ya Aohan ya Mongolia ya Ndani. Ni kijiji cha miaka kama 7,700 iliyopita, nyumba zake zimechimbiwa nusu ardhini na kupangwa kwa mistari. Mtaalamu Zhao Zhijun na wenzake waliosha udongo wa sakafu na mashimo yake wakapata punje kama 1,400 za shu na 60 hivi za su. Punje hizo za shu ni kubwa kuliko za mwituni, lakini hazijafikia za leo. Ni shu iliyo katikati ya safari. Lakini kati ya mbegu zote zilizotoka kwenye udongo ule, nafaka hizo mbili hazikufika hata robo. Zilizobaki ni za nyasi na mimea ya porini. Sehemu nyingine ya Xinglonggou hiyohiyo, ya miaka 4,000 hivi iliyopita, karibu kila mbegu unayookota ni su au shu. Kati ya hali hizo mbili kuna zaidi ya miaka 3,500. Wakulima wa Aohan bado wanazilima nafaka hizi, na mwaka 2012 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wao wa kilimo cha nchi kavu kuwa urithi wa dunia wa kilimo.

Na watu wenyewe walikuwaje? Katika kijiji cha Xinglongwa, cha jadi hiyohiyo, alikutwa mwanamume amezikwa chini ya sakafu ya nyumba, na kando yake, kaburini humo, nguruwe wawili wazima, dume na jike. Nikiuangalia mchoro wa kaburi lile huwa nauacha unikalie akilini muda mrefu. Watu hawa walikuwa na nyumba za kudumu, wafu waliotaka wakae nao ndani, na uhusiano na wanyama uliozidi nyama. Wakati huohuo pembe na mifupa ya paa imejaa kijijini. Kijiji kilitangulia, shamba likakua ndani yake polepole.

Vijiji vya wakulima hasa, wanaoishi kwa shamba, ndivyo hivi tunavyoviona katika jadi ya Yangshao, miaka 7,000 hadi 5,000 iliyopita. Banpo, pembeni mwa mji wa Xi'an, kilichofukuliwa kati ya 1954 na 1957, ndicho maarufu zaidi: nyumba zimezungukwa na handaki la kina cha mita tano hadi sita, tanuri za kuchomea vyungu upande mmoja, makaburi upande mwingine, na nafaka imehifadhiwa mashimoni na vyunguni. Katika enzi hii pia su iliipita shu. Su inataka maji zaidi kidogo na siku zaidi kidogo, lakini inazaa zaidi. Mtu aliyekaa mahali pamoja mwaka mzima akiliangalia shamba lake ana sababu ya kuipendelea.

Sasa swali lako mwenyewe, la umri. Kuna njia tatu, na kila moja ina udhaifu wake.

Ya kwanza ni punje yenyewe. Punje mbichi huoza, lakini iliyoungua bila kuwa jivu hugeuka mkaa, na mkaa hauozi. Unachukua udongo wa shimo la kale, unaumimina taratibu kwenye pipa la maji, unakoroga kwa mkono; mchanga unazama, vimkaa vinaelea, unavipokea kwa kitambaa chenye matundu madogo kuliko ya chandarua. Ukishavikausha kivulini unaviweka chini ya hadubini. Shu na su zikiungua, kiini cha mbegu hudondoka na kuacha kovu. Kwenye su kovu ni refu na jembamba, limepanda zaidi ya nusu ya punje. Kwenye shu ni fupi na pana. Mara ya kwanza nilipoitofautisha bila kusaidiwa, nilirudia punje ileile mara tano nikihofia kwamba macho yananidanganya. Punje hiyo sasa inaweza kupimwa kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai: kiumbe kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua kwa mwendo unaojulikana, na kilichobaki kinakupa umri.

Ya pili ni vijichembe vya silika, yaani kioo, ambavyo mmea huvijenga ndani ya kumvi zake. Kumvi zikioza, vyenyewe vinabaki, na mawimbi yake kwenye shu si sawa na ya kwenye su. Vinaweza kukutambulisha nafaka hata pale ambapo hakuna punje hata moja. Lakini haviwezi kukuambia umri kwa uhakika wa punje.

Ya tatu ndiyo niipendayo zaidi: mifupa. Shu na su, kama mahindi na mtama wetu, huvuta hewa ya kaboni kwa njia tofauti na mpunga, ngano na mimea mingi ya misitu ya kaskazini mwa China. Tofauti hiyo huingia kwenye mwili wa anayekula na kubaki mfupani. Katika kijiji cha Dadiwan, mkoani Gansu, mbwa kadhaa wa kipindi cha kwanza, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, walikuwa tayari wana alama ya nafaka, maana mbwa hula makombo ya jikoni, ilhali nguruwe wengi walikuwa bado wanajitafutia porini. Baada ya miaka 6,500 iliyopita, nguruwe, mbwa na watu wote wana alama hiyo kwa nguvu. Ukisoma mifupa hiyo kwa mpangilio, unaona nafaka ikihama kutoka kuwa kitu cha msimu hadi kuwa chakula cha kila siku.

Hapo ndipo tunafika kwenye ile "miaka 10,000" ya kitini chako. Inatoka Cishan, mkoani Hebei. Makazi hayo yalifukuliwa miaka ya 1970, wakakuta mamia ya mashimo ya kuhifadhia, na katika mashimo zaidi ya themanini mabaki ya nafaka iliyolundikwa, ambayo ilipokutana na hewa iligeuka vumbi punde si punde. Ni hazina kubwa iliyopotea machoni pa waliokuwa wanaiangalia. Mwaka 2009 mtafiti Lu Houyuan na wenzake walichunguza vijichembe vya silika katika mabaki ya hapo, wakaandika kwamba shu ilikuwepo tangu miaka 10,300 iliyopita. Kazi yao ya kutambua nafaka ni nzuri na sote tunaitumia. Tatizo ni umri. Vipimo vya awali vya mkaa wa makazi yaleyale vilitoa karibu miaka 8,000, na vyungu vyake vinafanana na vya enzi hiyo. Hakuna punje ya shu ya Cishan iliyopimwa yenyewe ikatoa miaka 10,000.

Kwa nini nasisitiza "yenyewe"? Kwa sababu ya yaliyotokea Ulaya. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba shu ilikuwepo Ulaya miaka 7,000 iliyopita, sawa na China au karibu yake, na watu wakajenga nadharia kwamba huenda ililimwa pande mbili bila kujuana. Punje zile zilipokuja kupimwa moja moja, hakuna iliyozidi miaka 3,600 hivi. Punje ndogo ya duara huteleza. Panya huibeba, mzizi ukioza huacha tundu, nayo inashuka mpaka tabaka la kale na kulala humo kama mwenyeji. Tabaka lilikuwa la miaka 7,000 kweli. Punje ilikuwa mgeni.

Kwa hiyo darasani ningesema hivi: miaka 10,000 ni dai linalobishaniwa, miaka 8,000 kwa shu na su kulimwa kaskazini mwa China ni msingi imara, kwa kuwa una punje na una mifupa, na jamii zinazotegemea shamba kwa sehemu kubwa ya chakula chake ni za miaka 6,000 hivi. Mtihani ukitaka jibu moja, toa la miaka 8,000.

Turudi kwenye chungu chenu. Siwezi kukuambia kwa picha ya simu kama ni mtama, ulezi au mbegu za gugu, na yeyote atakayekuambia kwa picha usimwamini. Vinaweza kuwa vya miaka 80 au vya miaka 800. Maji ya bomba na vidole vitavunja makovu na ngozi ya punje, ndiyo utambulisho wake, na uchafu wa kisasa utaingilia kipimo cha umri. Vitoe kwenye nailoni kabla havijatoa jasho na kuota ukungu. Vifungie kwenye foili safi, ndani ya kopo kavu, kwa kijiko safi badala ya mkono. Vigae viweke kando, navyo bila kuoshwa. Andika leo, kabla hamjasahau: kina cha shimo, rangi ya udongo, chungu kilikuwa kimelala vipi, nani alikiona kwanza. Simamisheni uchimbaji upande ule, hata kama fundi atanung'unika, kwa sababu punje bila mahali ilipokutwa hupoteza sehemu kubwa ya maana yake, kama nilivyokuonyesha kwa zile za Ulaya.

Kisha toeni taarifa. Sheria ya Tanzania inataka vitu vya kale vikipatikana viripotiwe, na wanaohusika ni Idara ya Malikale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Afisa utamaduni wa wilaya atakuelekeza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaakiolojia, na ndio ningewaomba waje walione shimo lenyewe badala ya ninyi kuwapelekea kopo. Wakija, waombe wazipige picha punje chini ya hadubini kabla ya chochote, na wanafunzi wawepo. Kipimo cha umri huiteketeza punje inayopimwa, na vijana walioichimba wanastahili kuiona sura yake kwanza.